Kama setilaiti zinakiona kimbunga, ndege huingia humo kutafuta nini?

SWALI: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea pwani ya Tanzania, kaka yangu ambaye ni mvuvi Shimoni alinipigia simu mara kwa mara huku Umoja, Nairobi, akiuliza kitakuja na nguvu kiasi gani. Kuhusu njia yake taarifa zilikubaliana, lakini kuhusu nguvu kila moja ilikuwa na namba yake. Nasikia Wamarekani huingiza ndege ndani ya kimbunga. Ya nini, na setilaiti zipo?

JIBU: Setilaiti huona paa. Panda juu ya jengo la KICC, Nairobi, utazame upande wa soko la Gikomba: unaona mabati, lakini huwezi kusema chini yake watu wanasukumana kiasi gani. Picha ya kimbunga ni vilele vya mawingu, kilomita 15 hivi juu ya bahari, na upepo unaopindua mtumbwi wa kaka yako uko chini kabisa.

Katika Bahari ya Hindi upande wetu hakuna ndege zinazopima vimbunga mara kwa mara. Nguvu hukadiriwa zaidi kwa umbo la mawingu, kwa njia aliyoibuni Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970. Ni kazi ya jicho lenye uzoefu, na wataalamu wawili wanaweza kutazama picha moja wakatoa kasi mbili. Namba zilizokuchanganya zilitoka huko.

Sasa ndege. Pale Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa hurusha puto lenye kijisanduku cha vipimo na redio. Linapopanda, redio hutuma joto, unyevu, mgandamizo wa hewa na upepo. Ndege za kimbunga hufanya hivyohivyo kinyumenyume. Kifaa chao ni mrija mwepesi usiofika nusu kilo, wenye parachuti ndogo. Ndege ikipita ukutani mwa jicho (kitovu tulivu cha kimbunga), mara nyingi kilomita 3 hivi juu ya bahari, mrija unaachiwa. Unaanguka kwa dakika chache tu, na kila sekunde unatuma vipimo vya tabaka unalopita, hadi unapogusa maji. Hauokotwi tena. Kwangu mimi, hakuna kipimo cha thamani kuliko zile mita mia za mwisho.

Oktoba 2023 Hariken Otis (hariken ni jina la kimbunga huko Atlantiki na mashariki mwa Pasifiki) ilikaribia Acapulco, Meksiko. Programu za utabiri hazikuonyesha hatari kubwa. Ndege ilipoingia, ilikuta upepo mkali kuliko picha zilivyodokeza. Ndani ya takribani siku moja Otis ilikuwa imetoka kwenye dhoruba ya kawaida hadi daraja la 5, la juu kabisa, na ikaupiga mji usiku watu wakiwa vitandani. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilikuja saa chache mno kabla ya kishindo.

Njia ya kimbunga hutabirika vizuri zaidi kwa sababu kinasukumwa na pepo pana za angani, na hizo tunazipima katika eneo kubwa. Nguvu huamuliwa na mambo madogo karibu na jicho: maji ya moto yamefika kina gani, hewa kavu imepenya wapi, pepo za juu zinakikata au la. Kompyuta ikianza na hali isiyo sahihi hapo, kosa hukua kila saa.

Kinachonipa matumaini kwa bahari yetu ni CYGNSS, setilaiti ndogo 8 zilizorushwa 2016. Hunasa mawimbi ya GPS yanayorudi kutoka usoni mwa bahari. Bahari ikichafuka, mwangwi hubadilika, na kasi ya upepo hupatikana hata chini ya mvua kubwa. Zinazunguka ukanda wa tropiki, kwa hiyo hupita hata kwetu. Wengine wanatuma mashua zisizo na watu: mwaka 2021 moja ya kampuni ya Saildrone, ya mita 7, iliingia ndani ya Hariken Sam na kurudisha video ya mawimbi.

Kaka yako asingoje namba moja ya nguvu. Akisikia taarifa mbili zinazotofautiana, ashike ile kali na mtumbwi ubaki nchi kavu. Hidaya ilipungua nguvu ikikaribia kisiwa cha Mafia. Otis ilifanya kinyume chake.