Damu ikishashuka miguuni, nani anaipandisha?

Mleta mada, pole kwa mama, na umfikishie shikamoo yangu. Umeuliza kwa nini mama yako anayebangua korosho hapo Newala miguu inamvimba kila jioni, na kama ni kweli wanavyosema majirani kwamba "damu imeshuka ikagoma kupanda". Majibu mengi niliyoyasoma hapo juu yanaulaumu moyo. Naomba nieleze kwa kirefu, maana jambo hili nimeishi nalo. Mama yangu alibangua korosho miaka mingi, nami nikiwa pembeni yake na majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasiniunguze. Leo nafundisha Baiolojia sekondari huku Masasi, na kila nikifika mada ya mzunguko wa damu naiona miguu yake.

Majirani hawako mbali na ukweli. Kazi ya moyo ni kusukuma. Upande wa kulia unapeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni, upande wa kushoto unaipokea kutoka huko na kuisambaza mwili mzima. Omba moyo wa mbuzi buchani, uupasue: ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachosukuma damu nje ya moyo, ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu mapafu yako jirani na unyayo uko mbali. Mtu mzima ana damu kama lita 5, yaani dumu dogo la mafuta ya kula, na akiwa amepumzika moyo husukuma karibu kiasi hichohicho kila dakika. Kwa hiyo kushuka si tatizo. Kazi iko kwenye kurudi.

Damu ikishapita kwenye kapilari za mguu, vijishipa vyembamba kuliko unywele, msukumo wa moyo unakuwa umepungua mno. Na bado inatakiwa kupanda zaidi ya mita moja hadi kifuani. Wewe ni mtu wa Newala, umesikia jinsi kina mama walivyoteka maji bondeni na kupanda nayo kichwani hadi juu ya uwanda. Hakuna aliyepanda kwa mkupuo mmoja. Unapanda, unapumzika, unapanda tena, na ukipumzika huteremki tena. Vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinafanya vivyo hivyo. Ndani yake mna valvu, vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ukipiga hatua, msuli wa shavu la mguu unaibana vena na damu inavuka kilango. Msuli ukilegea, kilango kinajifunga, damu inasubiri hatua inayofuata.

Wanafunzi wangu hawaamini mpaka waone, basi nawe jaribu. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja itokeze. Bana mshipa mmoja kwa kidole, halafu kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kwenye kifundo cha mkono, kisha kiachie hicho cha pili. Mara nyingi utaona kipande cha mshipa kimebaki bapa, damu ya juu hairudi. Achia kidole cha kwanza, unajaa kutokea chini. Daktari Mwingereza William Harvey alitumia jaribio la namna hii kuonyesha kwamba damu inazunguka, akalichapisha mwaka 1628.

Sasa mrudie mama kwenye kigoda chake. Mikono inafanya kazi tangu asubuhi, shavu la mguu limelala. Mtu akisimama tuli, presha kwenye vena za karibu na kifundo cha mguu hufika kama 90 kwa kipimo cha mashine ya presha, akitembea hatua chache hushuka hadi chini ya 30. Kukaa kuna nafuu kuliko kusimama, lakini saa nane bila kunyanyuka ni nyingi. Presha hiyo inasukuma maji yatoke kwenye kapilari yaingie kwenye nyama. Ndiyo maana ukibonyeza, shimo la kidole linabaki.

Sisi nyumbani tulimfunga mama vipande vya kanga na kumnyima maji ya kunywa. Tulikosea, na bado inaniuma. Kilichomsaidia ni muuguzi aliyemwambia ainuke kila sahani ikijaa, azunguke, anyanyue visigino mara 20, na usiku alaze miguu juu ya gunia lililokunjwa, ipite usawa wa moyo. Ndani ya wiki viatu vyake vilimwingia jioni.

Lakini usidhani kila uvimbe ni wa kigoda. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, huenda damu imeganda ndani ya vena: mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Akikosa pumzi akilala chali, hapo kweli moyo uchunguzwe. Uso ukivimba asubuhi, figo. Na kwa huku kwetu Mtwara na Lindi usisahau matende: hayo yanatokana na minyoo inayoenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu, ile inayozoa maji yaliyobaki kwenye nyama.

Mbonyeze mama kidole juu ya kifundo asubuhi na jioni kwa siku 3, uandike shimo linakaa muda gani. Nenda naye na karatasi hiyo kituo cha afya, apimwe presha na mkojo, kisha urudi utuambie walichosema.