Mwalimu anaweza kumfanya msichana achukie hesabu bila hata kumtukana?

Mama wa Nakuru, umeuliza kama mwalimu anaweza kuwa ndiye sababu ya binti yako kusema hesabu ni ya wavulana, na hajawahi kumtukana. Anaweza. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la saba hapa Kisumu, watoto sitini na kitu, na ningeapa kwamba sibagui. Siku moja nikamwomba madam mwenzangu akae nyuma, kila nikitaja jina apige mstari: wavulana huku, wasichana kule. Kengele ilipolia akanipa karatasi bila neno. Upande wa wavulana umejaa. Wasichana mistari sita, na miwili kati ya hiyo nilikuwa nimewatuma tu, mmoja afute ubao, mwingine alete chaki.

Lililoniuma zaidi aliliandika pembeni. Mvulana akikwama namngoja: "Fikiri, hii unaijua." Msichana akinyamaza: "Haya, keti." Nilidhani namwepusha na aibu, kumbe ninachomwambia ni kwamba hataweza.

Mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, aliupima muda huu wa kungoja miaka ya 1970. Walimu wengi wakishauliza hungoja sekunde moja hivi, wakati mwingine hata haifiki. Wakingoja tatu, hata wale waliozoea kunyamaza huanza kujibu. Basi nikawa nahesabu kimoyomoyo. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu jamani!

Swali la faida na hasara, nikamngoja msichana wa dirishani. Wavulana wanapiga vidole, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikajikaza. Akatoa jibu kwa sauti ya chini, na ni lenyewe. Umepataje? "Si ni kama omena ya mama? Unatoa pesa ya kununua, halafu unatoa nauli." Kumbe kila Jumapili yuko soko la Kibuye anauza hivyo visamaki na mamake, na mimi mwaka mzima sijui.



Binti akirudi jioni usimuulize kama mwalimu ni mbaya. Muulize: leo amekuuliza nini, na uliponyamaza alifanyaje? Mpelekee mwalimu majibu hayo, mkae wawili tu. Usianzie kwa mwalimu mkuu. Mimi ningeitwa ofisini kwa jambo hili ningekataa katakata, na ningekuwa naamini ninachosema.