U-9 ilifika Mtwara?

SWALI: Vijiweni hapa Mikindani husemwa kwamba nyambizi ndogo ya Wajerumani, U-9, ilipita kwetu Vita vya Pili. Kweli?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Hapana. U-9 ilikuwa ndogo, ya kazi za karibu na pwani za kwao: urefu mita 42.7, mabaharia wapatao 25, topido (makombora ya chini ya maji) 5 tu. Mafuta yake yalitosha takriban maili 3,100 za baharini kwa mwendo wa noti 8 (kama kilomita 15 kwa saa). Kuja huku isingewezekana. Ilianza kazi Agosti 1935, na tarehe 9 Mei 1940 ikazamisha nyambizi ya Ufaransa, Doris.

Safari yake ya ajabu ni ya 1942. Wajerumani waliitaka Bahari Nyeusi, lakini Uturuki ilifunga mlango wa bahari hiyo; basi mnara na injini viling'olewa kupunguza uzito, ikavutwa kwa mto Elbe, Ujerumani, hadi Dresden, ikapandishwa matrela hadi Ingolstadt, kisha ikashushwa mto Danube hadi bahari hiyo. Ndege za Kisovieti ziliizamisha bandarini Constanța, Romania, Agosti 1944.

Huenda mnaichanganya na U-181, nyambizi kubwa iliyowinda meli pwani ya Msumbiji 1942 na 1943. Nahodha wake, Wolfgang Lüth, ndiye aliyekuwa na U-9 ilipozamisha Doris.