Usihamishe gari kabla ya kufilisika

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumwandikisha shemeji yako gari kabla mahakama haijakutangaza mufilisi. Usithubutu. Msimamizi wa ufilisi, yaani anayeshika mali ya mufilisi ili kuwalipa wanaomdai, hupekua miamala ya nyuma. Uhamisho huo unaweza kubatilishwa, nawe ukashtakiwa kwa kuficha mali. Wajibu wako mkubwa ni kueleza kila kitu: akaunti zote, hata ile yenye salio dogo uliyoisahau, pesa unazowadai watu, urithi unaousubiri. Kumlipa rafiki kwanza huku wadai wengine wakingoja nako kunaweza kukuponza. Mshahara ukipanda au ukihama nyumba, mjulishe msimamizi. Akikuandikia kuomba nyaraka, mpelekee hata kama hazijakamilika, na umwambie zipi bado unazitafuta.