Jibu kwa mwanafunzi anayekwenda idara ya upasuaji: anzia wodini

Ndugu mleta mada ameeleza kuwa yeye ni mwanafunzi wa udaktari, amepangiwa mafunzo ya vitendo katika idara ya upasuaji ya hospitali ya rufaa, na ameuliza mambo mawili: afanye nini ili aruhusiwe kushika vifaa thieta (chumba cha upasuaji) mapema kuliko wenzake, na afanyeje na hofu yake ya kuzirai akiona damu. Wengi waliotangulia wamemjibu hilo la pili. Mimi nilipita idara hiyo nikiwa mwanafunzi katika hospitali moja ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, na sasa ni daktari wa hospitali ya wilaya, mahali ambapo upasuaji wa dharura haumsubiri bingwa afike. Kwa sababu hiyo nataka kumjibu kwa kirefu lile la kwanza. Mdogo wangu, sehemu kubwa ya upasuaji hujifunzwa wodini, kabla mgonjwa hajapelekwa thieta na baada ya kurudishwa, na mwanafunzi anayekimbilia mezani kila asubuhi humaliza mafunzo akiwa ameona matumbo mengi yaliyofunguliwa bila kujua kwa nini huyu alipona na yule akafariki.

Siku ya zamu yenu chagua mgonjwa mmoja tangu anapopokelewa, mchukulie historia wewe mwenyewe, mpime, kisha mfuate mpaka siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani. Mimi nilimfuata hivyo mvuvi mmoja wa makamo aliyeletwa na ngiri ya kinena iliyojibana, yaani utumbo uliotokeza kinenani ukanaswa, tangu siku iliyotangulia. Alikuwa anatapika, tumbo limejaa, ulimi umekauka, na mapigo yake ya moyo yalikuwa ya kasi. Sisi wanafunzi tulitarajia apelekwe thieta papo hapo, lakini daktari aliyekuwa akitusimamia aliagiza kwanza njia mbili za dripu, maji ya Ringer (dripu ya maji yenye chumvichumvi), mpira wa puani wa kutoa uchafu tumboni ili asije akautapika ukaingia mapafuni wakati wa kulazwa usingizi, mpira wa mkojo, na damu ya kupima kundi na kutafutiwa akiba. Mtaalamu wa usingizi alikataa kumpokea mpaka mkojo uanze kutoka. Kipimo ni angalau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mtu wa kilo 60 anatakiwa atoe mililita 30 kila saa, na kazi ya kuketi karibu na kitanda na kuandika kiasi hicho ilikuwa yangu. Hakuna mihadhara iliyonieleza upungufu wa maji mwilini vizuri kama ule mfuko wa mkojo uliokuwa mtupu ukaanza kujaa taratibu.

Thieta nilishika ritrakta tu, kile chombo cha kuvutia kando kingo za kidonda. Kipande cha utumbo kilichokuwa kimenaswa kilikuwa cheusi. Kikafunikwa kwa gozi (vitambaa vyepesi vya hospitali) zilizolowekwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, wote tukasubiri, kisha kikaangaliwa kama rangi imerudi, kama utumbo unajikunja ukiguswa, na kama mishipa yake inapiga. Sehemu moja ilirudi, nyingine haikurudi, ikakatwa na ncha mbili zikaunganishwa. Kwa mtazamaji, somo limeishia hapo. Kwa aliyemfuata mgonjwa ndipo linapoanza, kwa kuwa mshono wa utumbo ukivuja, mara nyingi hujionyesha baadaye, kwenye siku ya tano hadi ya saba hivi, na hujionyesha kwa ishara ndogo: mapigo ya moyo yanayopanda bila sababu, homa, tumbo linalokaza, mgonjwa aliyekuwa akizungumza ambaye leo anageukia ukutani. Anayemwona mgonjwa yule yule kila asubuhi ndiye anayegundua mabadiliko hayo kwanza. Daktari bingwa ana wodi nzima, mwanafunzi ana wagonjwa wachache, na hiyo ni nafasi ambayo hutaipata tena ukishaajiriwa.

Basi fika wodini kabla ya raundi. Hesabu mapigo mwenyewe, usinakili yaliyoandikwa usiku. Uliza kama ametoa hewa au amepata choo. Wazee wengi huona haya kulijibu swali hilo mbele ya kundi la vijana wenye makoti meupe, kwa hiyo liulize mapema, kwa sauti ya chini, na kwa heshima. Homa ikitokea, fikiria ni siku ya ngapi tangu upasuaji. Siku ya kwanza na ya pili shuku mapafu, kwa sababu mtu mwenye kidonda tumboni huogopa kuvuta pumzi ndefu. Mketishe, mwonyeshe namna ya kukohoa akiwa amekumbatia mto juu ya kidonda. Siku ya tatu kumbuka mpira wa mkojo, ambao huweza kuleta maambukizi, na kama hauhitajiki tena uliza kwa nini bado upo. Kuanzia siku ya tano fungua bandeji utazame kidonda. Mpangilio huu si sheria ya kufungia akili, ila utakuzoeza kufikiri kwa utaratibu badala ya kuandika antibiotiki kwa kila joto lililopanda.

Jambo lingine la wodini linalopuuzwa ni ridhaa. Fomu ya ridhaa huonekana kama karatasi ya kujaza haraka kabla machela haijaondoka, na wanafunzi hutumwa kuisainisha. Nakuomba usiichukue hivyo. Namkumbuka mzee mmoja mwenye kisukari aliyekuwa na kidonda mguuni kilichooza hadi mfupani, sumu ya uambukizo imeanza kusambaa mwilini, naye akawa anakataa kukatwa mguu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na kila aliyemweleza alimweleza kwa maneno ya kitabuni. Muuguzi mmoja wa wodi ile, mama wa Kisukuma, aliketi pembeni ya kitanda akamsikiliza kwa lugha yake, na ndipo ikajulikana kuwa hofu yake haikuwa kisu. Alikuwa anawaza nani atalima, na mguu utazikwa wapi. Mazungumzo yaliyofuata yaliwahusu watoto wake wawili na mdogo wake, daktari bingwa akiwa ameketi na si amesimama, na mzee mwenyewe ndiye aliyetia dole gumba kwenye fomu. Ndugu hushiriki katika uamuzi, na kwetu haiwezekani wala haifai kuwaweka kando, lakini mwenye mwili akiwa na akili zake timamu ndiye mwenye neno la mwisho. Mwanafunzi anaweza kuwa daraja la mazungumzo ya namna hiyo, kwa sababu ndiye mwenye muda.

Ukiwa hapo hapo wodini, jifunze pia ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi na mgonjwa asiye na uwezo wa kulipa anapitia hatua zipi kuomba msamaha wa malipo. Angalia vilevile ratiba ya thieta. Kwa kawaida mgonjwa wa upasuaji uliopangwa anatakiwa aache chakula chepesi saa 6 kabla ya usingizi na maji matupu saa 2 kabla, lakini wodi nyingi huwaambia wote waache kila kitu tangu usiku wa manane, halafu aliye wa mwisho kwenye orodha anakaa na kiu mpaka alasiri. Mwanafunzi anayeuliza mapema mgonjwa wake ni wa ngapi, kisha akamkumbusha muuguzi na mtaalamu wa usingizi, amefanya tiba halisi.

Sasa nije thieta, maana najua ndiko moyo wako uliko. Anayetawala chumba kile kwa habari ya usafi ni muuguzi wa thieta. Mwamkie unapoingia, jitambulishe jina na mwaka wako, mwambie hujawahi kunawa na kuvaa gauni, na umwombe akuonyeshe. Ataanza na vitu vinavyoonekana vidogo: kucha fupi, hakuna pete wala saa, mikono hunawishwa kuanzia vidoleni kuelekea kwenye viwiko na kushikiliwa juu ili maji yasirudi kwenye vidole. Ukishavaa glavu, mikono ikae mbele ya kifua juu ya kiuno. Ikishuka chini ya kiuno hesabu kuwa imechafuka. Ukigusa kisicho safi, sema mara moja hata kama hakuna aliyeona. Glavu zitabadilishwa na upasuaji utaendelea.

Kuhusu kuzirai: kula asubuhi, kunywa maji, usisimame na magoti yamekaza, na ukihisi jasho baridi au masikio yakivuma, mwambie aliye karibu nawe, rudi nyuma mbali na meza, kisha keti sakafuni. Hofu hiyo kwa wengi hupungua yenyewe. Mara nyingi kinachowaangusha wanafunzi ni joto la barakoa, njaa, na harufu ya nyama inayoungua kwenye daiathemi (kifaa cha umeme cha kukatia nyama na kuzuia damu), kuliko damu yenyewe.

Kuna wakati mmoja thieta ambao nakusihi usiukose hata ukiwa umesimama nyuma kabisa, nao ni usomaji wa orodha ya usalama wa upasuaji. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008, ikiwa na vipengele 19 katika hatua tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Jina la mgonjwa, upande wa upasuaji, mzio, antibiotiki iliyotolewa ndani ya dakika 60 zilizopita, hesabu ya gozi na sindano. Watu huiona kama desturi iliyoletwa kutoka mbali, ilhali sisi tulikuwemo tangu inajaribiwa. Miongoni mwa hospitali nane za dunia zilizoifanyia majaribio ilikuwamo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, pamoja na hospitali za miji kama London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa kuleta tofauti hiyo kubwa kuliko watu kutajiana majina na kuulizana kwa sauti. Ukikuta mahali inajazwa kwenye karatasi baada ya mgonjwa kutoka, wewe ijue kwa moyo, maana siku ukiwa daktari wa zamu ndiwe utakayeamua kama itasomwa.

Kwa upande wa kushika vifaa, chumba cha upasuaji mdogo na idara ya dharura vitakupa zaidi kuliko thieta kuu. Huko kuna majeraha ya bodaboda, majipu, na vidonda vya panga, na daktari wa zamu aliyechoka hufurahi kumsimamia mwanafunzi aliyejiandaa. Kujiandaa maana yake ni kufunga fundo la mraba bila kutazama vidole. Omba nyuzi zilizokwisha muda, zifungie kwenye mguu wa kiti jioni huku ukisoma. Maana yake pia ni kujua hesabu ya dawa ya ganzi kabla hujaivuta. Lignokeini isiyo na adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kilo. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 50 asipewe zaidi ya mililita 15, na kama ni ya asilimia 2 ni nusu yake. Msimamizi akikusikia unasema hesabu hiyo kabla hajakuuliza, atakupa sindano. Jeraha likiwa chafu, lioshe kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha, uliza chanjo ya pepopunda, na usione aibu kuliacha wazi bila kulishona siku hiyo.

Kama muda ni mfupi na unataka kujua ni kesi zipi za kuzikimbilia, zingatia tatu ambazo Tume ya Upasuaji Duniani ya Lancet, jarida la kitabibu, ilizitaja mwaka 2015 kuwa kipimo cha hospitali ya ngazi ya wilaya: kufungua tumbo, upasuaji wa kumtoa mtoto, na matibabu ya mfupa uliovunjika na kutokeza jeraha. Tume hiyo hiyo ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na huduma ya upasuaji iliyo salama na wanayoweza kuimudu, na mimi hukutana nao kila wiki: mama aliyebebwa kwa pikipiki kilomita nyingi, kijana aliyekaa na kidole tumbo kilichopasuka akinywa dawa za maumivu za dukani. Upasuaji wa moyo au wa ubongo utautazama kwa mshangao, na ni haki yako kuutazama, lakini ukipangiwa wilayani, atakayeletwa usiku ni yule mvuvi wa ngiri.

La mwisho ni la usalama wako, na hili usilisubirishe. Usirudishie kifuniko sindano iliyotumika. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, toa taarifa wakati huo huo, na uanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Hutumiwa kwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza, kwa hiyo mtu anayeanza chanjo siku ya kuripoti mafunzoni ataanza kazi bila kinga kamili. Kama hujachanjwa, nenda kituoni wiki hii, na utunze kadi yako.