Je, mtoto hurithi "tabia" za wazazi walio hai?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Nairobi. Nilipowaambia wanafunzi wa Gredi ya 6 kwamba mtoto hurithi tabia za wazazi wake, mmoja aliuliza atarithije ilhali baba na mama wangali hai, na mwingine akataka kujua iwapo mtoto wa mwizi huzaliwa mwizi. Nitumie maneno gani?

Jibu: Wanafunzi wako wamesikiliza vizuri. Kitenzi kurithi tumezoea kukisikia katika mirathi, ambako mrithi hupokea mali ya marehemu, na mtoto aliyewahi kusikia watu wazima wakibishania shamba hawezi kulaumiwa akifikiria mazishi kwanza. Hata hivyo, sioni haja ya kulitafutia neno hilo mbadala. Waeleze kwamba urithi wa mwili hupatikana mimba inapotungwa, na kwamba mzazi hapungukiwi na chochote, kwa kuwa anachotoa ni nakala ya chembe zake za urithi, yaani jeni.

Neno linalopotosha ni tabia. Vitabu hulitumia, lakini mtoto analijua kwa adabu na mwenendo, na ndiyo maana swali la mwizi lilizuka. Ningependelea sifa: rangi ya macho, kundi la damu, nywele za kipilipili. Lugha ya nyumbani na namna ya kuwaamkia wakubwa hazirithiwi hivyo. Mtoto hujifunza au huiga, na vitenzi hivyo viwili vinatosha kuonyesha tofauti.

Vilevile, usiwaache wadhani kwamba kurithi ni sawa na kufanana. Gregor Mendel, mtawa wa mjini Brno aliyechapisha matokeo yake mwaka 1866, alizalisha minji ya maua ya zambarau na ile ya maua meupe pamoja. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha zambarau, lakini katika kizazi kilichofuata maua meupe yalirejea, takriban mmea 1 kati ya kila 4. Weupe ulikuwa umerithiwa bila kuonekana. Kwa hiyo msichana ambaye shangazi zake husema ni baba mtupu amefanana na baba, lakini amerithi kwa wote wawili, kwani kati ya kromosomu zake 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, 23 zimetoka kwa mama.

Mwisho, angalia kauli za kitenzi, kwa sababu hapa hata watunga mitihani huteleza. "Sifa zinazorithi" ni kosa, maana sifa hazipokei chochote. Sema sifa zinazorithiwa. Vivyo hivyo, "mama amerithi mtoto wake macho ya kahawia" humfanya mama kuwa mpokeaji. Sahihi ni: mama amemrithisha mtoto wake macho ya kahawia.