Usilipe arbuni ya ufukwe kabla hujajua maji yanajaa saa ngapi

Dada, usilipe. Umesema mnafunga ndoa ufukweni, kisiwani, siku ya mwezi mpevu, saa kumi na nusu jioni, na hoteli inataka arbuni wiki hii. Umeuliza kuhusu idadi ya wageni, gauni, mpiga picha na vibali. Hayo yatasubiri. Kwanza nikuulize mimi: hiyo saa kumi na nusu, maji yatakuwa wapi?

Sisi tulichagua vilevile. Tulitaka jua likizama upande mmoja, mwezi uchomoze upande wa pili, na kweli siku ya mwezi mpevu huwa hivyo. Mratibu wa harusi alisifu chaguo letu. Hakusema kwamba mwezi mpevu huja na bamvua. Jua, dunia na mwezi vinakaa kwenye mstari mmoja, mvuto unaungana, bahari inajaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, na kilele huweza kuchelewa siku moja au mbili. Mwezi ukiandama, mambo ni yaleyale.

Picha aliyotutumia ilikuwa ya mchanga mpana ajabu. Nikamuuliza, viti themanini vitaenea? Akajibu hata mia mbili. Vingeenea kweli, saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Saa tisa alasiri viti vilishapangwa, tao la maua limesimama. Saa tisa na nusu safu ya mbele ikaanza kulowa. Saa kumi, mchanga uliobaki ulikuwa hatua tatu, viti vinaelea, na kaka yangu amekunja suruali anavikimbiza. Spika zilizimwa kwa hofu ya umeme. Bibi yangu, aliyesafiri siku nzima kwa ajili yangu, aliketishwa kwenye ngazi za hoteli na hakusikia hata neno moja la viapo vyetu. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko pesa.

Na yule mratibu akaja kutuambia, "Subirini nusu saa, yatapungua." Nusu saa! Maji yakishajaa hayageuki kwa haraka hivyo. Katika saa ya kwanza hushuka kidogo tu, kama sehemu moja kati ya 12 ya tofauti yote kati ya kujaa na kupwa. Kasi yenyewe huja saa ya tatu na ya nne. Na katika nchi za joto jua halisubiri: likishazama, giza limeingia. Tuliapa kwa mwanga wa simu. Mtu huyu anaishi pale, anaiona bahari hiyo kila siku ya Mungu, na sentensi moja tu ingetuokoa. Alishapokea pesa, akanyamaza.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji la kisiwa hichohicho, au la bandari iliyo karibu zaidi, kabla hujagusa kitu kingine. Sehemu nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Usidhani ukisogeza harusi hadi mwezi mpevu ujao umepona: mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa ileile. Sogeza wiki moja, mwezi ukiwa nusu. Hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na saa ya kujaa itakuwa imehama kabisa. Halafu dai picha ya ufukwe iliyopigwa saa yenu, siku ya bamvua. Rafiki yako uliyemtaja, aliyeolewa visiwa vya Karibi bila shida, hakudanganyi, ila kule sehemu nyingi bahari hupanda chini ya nusu mita. Kwingine ni mita tatu, nne.

Na wageni wakija kwa mashua, angalia na kupwa pia. Maji yakitoka sana mashua hukwama mbali, na wazee watashushwa kwenye matope na miamba.

Gauni, chagua lisiloburura.

Mpigie mratibu wako leo, umuulize tarehe hiyo maji yanajaa saa ngapi. Akisitasita, usitume hata senti. Niandikie jina la kisiwa na tarehe, nitakaa na jedwali usiku huuhuu nikuangalizie.